Kisomo cha Nasma

Ijumaa saa sita mchana Nasma alirudi nyumbani na begi la kazini limevimba. Khalfan, aliyekuwa mezani na gazeti, alijua mara moja kilichomo: viatu vya jikoni. Viatu vile hulala kazini. Kwa miaka kumi na tisa havikuwahi kupanda treni.

"Wamefunga mapema?"

"Hawajafunga."

"Sasa vipi?"

"Ngoja nivue koti, baba. Hata polisi humwacha mtu akavua koti."

Alivua koti, akakunja mtandio, akatoa viatu na kuviweka mlangoni karibu na vya mumewe. Kisha akatoa daftari lake la jalada la kijani, akaliweka mezani, akakaa. Khalfan akalichukua lile daftari kwa mikono miwili, akaligusisha kwenye paji la uso, akalipandisha juu ya kabati la vyombo. Alifanya hivyo kila alipolikuta mahali pa chini. Nasma alimtazama, akapumua. Baadaye, na goti lake bovu, angepanda kigoda kulishusha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jana yake, Alhamisi, katika chekechea ya Vällingby ambako Nasma ni mpishi, mtoto wa miaka minne anayeitwa Isak alivimba midomo na macho baada ya kitafunio cha saa nane. Ana aleji ya maziwa. Gari la wagonjwa lilikuja, akachomwa sindano, akalazwa usiku mmoja. Sasa yuko kwao, mzima, anatazama katuni. Lakini wazazi wake wanauliza maziwa yalitoka wapi. Chakula hutoka jikoni, na jikoni yuko Nasma peke yake. Annelie, mkuu wa chekechea, alimwita ofisini, akafunga mlango taratibu, akamwomba akae nyumbani mpaka Jumatano. Siku hiyo kutakuwa na kikao. Aje na maandishi yoyote aliyonayo kuhusu siku ile, na akipenda aje na mtu wa kumsaidia.

"Ulimpa maziwa?"

"Khalfan!"

"Nauliza tu. Na wao watauliza."

"Sikumpa."

"Na karatasi za jikoni zinasemaje?"

"Nambari za friji nimejaza. Alama za vyema nimetia. Pale pa maneno ni patupu, kama siku zote."

Khalfan alikunja gazeti. "Nilikwambia mimi. Mwaka wa kwanza tu wa ndoa nilikwambia, Nasma, kaa nikufundishe."

"Nilikaa."

"Wiki mbili!"

"Wiki mbili za rula kugongwa mezani. Ukiingia darasani huna mke, una mwanafunzi."

Hilo lilikuwa kweli, na Khalfan alilijua. Alikuwa na miaka sabini na moja. Kusoma alijifunza akiwa kijana mkubwa, katika kisomo cha watu wazima kwenye shamba la mkonge karibu na Muheza, na baada ya miaka miwili akawa yeye ndiye anayewafundisha wenzake. Hapa Stockholm alitengeneza mabehewa mchana na kusoma jioni, miaka minane, mpaka akapata cheti cha sekondari cha Kiswidi. Cheti hicho kimetundikwa sebuleni katika fremu. Wageni wakiuliza kuhusu mkewe, Khalfan husema bila nia mbaya, "Mwenzangu hana kisomo, lakini mkono wake jikoni mtautambua wenyewe." Nasma huwa anapita na sinia wakati huo, na huwa anatabasamu.

"Jumatano nitakwenda nawe," akasema Khalfan. "Nitazungumza mimi."

"Utasema nini? Ulikuwapo jikoni?"

*

Jumamosi palikuwa na kisomo Jakobsberg. Mwanamke mmoja wa Mombasa alikuwa amepasuliwa nyonga, na shoga zake walikusanyika kwake kumsomea Yasini apate nafuu. Nasma ndiye anayeongoza visomo vya wanawake wa upande huo wote wa mji. Khalfan alibeba masufuria kutoka garini, akayafikisha jikoni, na kwa kuwa mwanamume hana mahali pengine katika shughuli kama ile, akabaki humo na kisu na vitunguu.

Jikoni alikuwamo Agripina, rafiki wa Nasma, muuguzi msaidizi anayeishi Upplands Väsby, Mhaya na Mkristo. Visomo havimhusu, ila pilau inamhusu sana.

Sauti ya Nasma ilipita ukutani, nyembamba, isiyo na haraka, na sauti nyingine ishirini zikaifuata.

"Msikilize mkeo, shemeji," Agripina akasema. "Msomi wa nyumba yenu ni yule."

"Hicho ni kisomo cha dua. Mimi nikisema kisomo nasema cha darasani. Kalamu na karatasi."

"Kumbe mnavyo viwili? Sisi kwetu bibi yangu aliitwa msomaji kwa sababu alibatizwa, basi. Jumapili anatuamsha, 'Haya, twendeni tukasome.' Na kitabu cha nyimbo alikishika miguu juu mpaka alipokufa."

"Ndiyo hayo ninayosema! Kukishika si kukisoma."

"Lakini aliimba zote, shemeji, hakukosea hata moja. Na Goodluck wangu je? Mwaka wa saba yuko masomoni Uppsala. Hicho nacho ni kisomo?"

"Hicho ni makazi."

Agripina alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Kisha akajipangusa macho. "Hebu nichukulie daftari la mwenzio kwenye begi. Nimesahau mchele alisema vikombe vingapi."

"Daftari lipi?"

"La kijani."

"Lile la dua?"

"Dua gani?"

"Limeandikwa Kiarabu, Agripina. Siwezi kulishika na mikono ya vitunguu."

Agripina aliweka mwiko chini. Alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyemeza dawa ya kupaka. "Shemeji, mle mna pilau ya watu sitini. Mna saizi ya viatu vyako. Alinisomea mwenyewe: vitunguu kilo sita, iliki nusu kikombe, Agripina asiguse chumvi. Herufi ni za chuoni, ila maneno ni Kiswahili kitupu."

Khalfan aliangalia mikono yake ya vitunguu. Alikuwa anafikiria kabati la vyombo. Miaka ishirini amekuwa akilipandisha lile daftari juu, likijaa moja linakuja jingine la kijani. Miaka ishirini hakuthubutu kuweka kikombe cha chai juu yake. Kila alipotaka kulipangusa vumbi alitia udhu kwanza. Alikuwa ametia udhu kwa ajili ya vitunguu kilo sita.

*

Waliporudi na gari, Nasma alikuwa na sahani ya pilau mapajani, imefunikwa kwa karatasi ya fedha.

"Kwa nini hukuniambia?" Khalfan akauliza.

"Umeambiwa na nani?"

"Agripina."

"Hukuniuliza, baba. Uliniuliza kama najua kusoma, nikakwambia hizo herufi zako sizijui. Hukuniuliza kama nina zangu."

"Nani alikufundisha?"

"Bi Mwanahawa, Pangani, barazani kwake. Wasichana kumi na moja."

Khalfan alipunguza mwendo. Yeye alipopelekwa chuoni alikuwa mtoto wa miaka saba, na siku ya nne alitoroka kwa sababu ya bakora. Sura anazoswalia alizishika kwa sikio. Hilo hakumwambia mtu yeyote Uswidi, na mkewe anayelijua hakuwahi kumtania nalo.

"Na mambo ya Alhamisi umeyaandika?"

"Kila siku naandika. Nani kala nini, nani hali nini, sufuria ipi."

"Basi tumepona!" Alipiga usukani kwa furaha. "Jumatano tunaliweka mezani!"

"Hatuliweki."

"Kwa nini?"

"Nani atalisoma? Nikisoma mimi watasema natunga. Ukisoma wewe..." Hakumaliza, kwa huruma.

Khalfan alifikiri mpaka taa za barabarani zikabadilika mara mbili. "Yule mwalimu wenu Mwiraki, Shatha. Yeye atatoa sauti, mimi nitatoa maana."

"Nimesema hatuliweki, Khalfan."

Hakumwambia sababu. Sababu ilikuwa Nicole, msichana wa Kirundi aliyeajiriwa kusaidia walimu, aliye katika miezi sita ya majaribio. Mumewe, Arnaud, hana kazi tangu kiwanda chao kipunguze watu, na wana mtoto wa miezi kumi. Nicole humwita Nasma mama, na asubuhi hupita jikoni kunywa naye chai kwa dakika tano. Nasma alijua jina lililokuwa katika ukurasa wa Alhamisi. Alijua pia kwamba bila ukurasa ule, jiko lile si lake tena, na kwamba mwanamke wa miaka sitini na moja aliyesimamishwa kwa kumdhuru mtoto hatapata jingine. Tangu Alhamisi alikuwa akiyapima mambo hayo mawili kila saa, na mizani ilikuwa haijatulia upande wowote.

*

Jumatano kikao kilifanyika katika chumba cha kuchezea, kwa kuwa ofisi ni ndogo, na viti vilikuwa vya watoto. Khalfan alikuja na suti na tai na mkoba wa ngozi. Alipokaa, magoti yake yalifika karibu na tai. Annelie aliomba radhi kwa viti. Alikuwa mama wa watu, mchovu, na mbele yake alikuwa na barua ya wazazi wa Isak yenye kurasa tatu. Karibu na mlango alikaa Nicole, aliyeitwa kwa sababu siku ile alikuwa zamuni. Hakumtazama mtu.

"Nasma," Annelie akasema kwa Kiswidi cha polepole, "nimeziangalia karatasi za jikoni. Pa kueleza chakula maalumu hapana neno hata moja, Alhamisi wala siku nyingine. Unaelewa jinsi hilo linavyoonekana?"

"Naelewa."

"Una maandishi mengine?"

"Sina," akasema Nasma.

"Anayo," akasema Khalfan, akafungua mkoba.

Nasma alipoliona daftari la kijani alifumba macho. Khalfan alikuwa amelitoa juu ya kabati alfajiri, bila kumwuliza, kama alivyozoea kufanya mengi kwa niaba yake na kwa faida yake. Akaeleza, kwa Kiswidi kile cha shule ya jioni kisicho na kosa, kwamba hapa kuna kumbukumbu ya kila siku, kwamba lugha ni Kiswahili na herufi ni za Kiarabu, na kwamba yeye anaijua lugha lakini herufi... Hapo Kiswidi kikamkwama. Annelie alingoja. "Herufi sizijui," akasema Khalfan.

Shatha aliitwa kutoka uwanjani. Aliingia na suruali ya mpira yenye matope, akakaa kwenye kiti kidogo, akafungua daftari kutoka kulia.

"Sitaelewa kitu," akaonya.

"Wewe soma tu. Ukurasa wa Alhamisi iliyopita."

Alipekua, kidole kikipita juu ya mistari. "Alhamisi! Kumbe mnasema alhamisi? Hilo ni letu." Akaendelea kwa kigugumizi, akitamka maneno asiyoyajua kama mtu anayekanyaga mawe mtoni. "Fri-ji, nne. Samaki... samaki ni samaki?"

"Ni samaki."

"Jamani!"

Akasoma, Khalfan akafasiri, mstari kwa mstari. Friji digrii nne. Samaki, viazi, karoti. Isak samaki wake mbali, sufuria ndogo, siagi hakuna. Annelie alikuwa anaandika. Khalfan alihisi kifua kikijaa. Sentensi za mkewe zilikuwa fupi na kila moja ilikuwa na kazi. Miaka yote aliyofundisha hakupata mwanafunzi aliyeandika hivi.

"Saa nane," Shatha akasoma, "ndizi na mkate. Nikuli kaleta kiki ya nje, siku ya kuzaliwa. Ina malai ya maziwa juu. Nimemwambia Isak asipewe."

Khalfan alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Ruka hapo," Nasma akasema kwa Kiswahili, bila kugeuza kichwa. "Khalfan, nakuomba. Ruka hapo."

Annelie alinyanyua kalamu. "Anasemaje?"

Khalfan alimtazama mkewe. Sasa ndipo alipoelewa kwa nini alikuwa amesema hatuliweki, na kwamba hakuwa akilionea haya daftari lile wala kumwonea haya yeye. Maisha yake yote amewaambia wanafunzi wasiruke mstari. Alikuwa bado ameshika ukingo wa meza ya watoto pale Nicole aliposimama. Kiti chake kidogo kilianguka nyuma yake. Kiswahili kinazungumzwa hadi Bujumbura, na Nicole alizaliwa Buyenzi, mtaa wa huko huko; hakuhitaji kufasiriwa.

"Mama, ulijua?" akasema. "Siku zote hizi ulijua, ukanyamaza?"

"Nilikuwapo, mwanangu. Ndizi yake nilimpa mimi mkononi."

"Alikuwa analia. Wenzake wote wanakula keki, yeye ana ndizi. Nikakwangua malai yote na kijiko, nikampa ile ya chini. Nikafikiri yametoka."

"Kaa kitako, Nicole."

"Sikai." Akamgeukia Annelie, akayasema yote tena kwa Kiswidi, pamoja na kijiko, pamoja na siku sita alizoshindwa kusema kwa hofu ya mkataba. Machozi yalimfika kidevuni, hakuyafuta.

Annelie aliandika mpaka chini ya ukurasa. Shatha, asiyejua atazame wapi, akakimbilia daftari na kuendelea na mstari uliofuata.

"Khalfan jino linamuuma," akasoma kwa sauti. "Hali mkate, anasingizia gazeti. Nampa uji mpaka akubali daktari. Anajificha kama mtoto. Asijue kama najua."

Jina lake wote walilisikia, wakamtazama. "Na hapo?" Annelie akauliza. "Hapo panasemaje?"

"Hapo," Khalfan akajibu, masikio yamemwaka moto, "ni joto la friji ya pili."

Nicole aliziba mdomo, lakini kicheko kilikwisha kutoka, kikubwa, katikati ya machozi. Nasma naye akainamisha uso, mabega yakimtikisika.

*

Annelie alitoka kupiga simu, akarudi baada ya nusu saa. Hakurudi na habari ya kumfurahisha kabisa mtu yeyote. Nicole atapewa onyo la maandishi na hatagusa chakula cha watoto mpaka afundishwe upya. Kuhusu mkataba, uamuzi si wake peke yake, lakini ataandika kwamba alikiri mwenyewe. Nasma alitoa tahadhari kama ilivyopasa, ila naye alificha jambo ambalo wazazi walikuwa na haki ya kulijua, na hilo litaandikwa pia. Kesho anarudi jikoni. Maneno ya karatasi ataandikiwa na mwenzake kwa sasa, na kila Jumanne, ndani ya saa za kazi, atakwenda kusoma Kiswidi cha kuandika.

"Hakuna haja ya kumpeleka mbali," Khalfan akasema. "Mimi nimefundisha watu wazima. Naweza kumfundisha nyumbani."

"Nej," akasema Nasma, hapana ya Kiswidi, kwa sauti iliyofika uwanjani.

Fomu ya kujiandikisha ikaletwa. Khalfan alitoa kalamu mfukoni kwa mazoea. Fomu zote za mkewe, tangu alipotua nchi hii, alizijaza yeye. Akaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Mstari wa nne uliuliza elimu aliyonayo mwombaji. Hapo siku zote aliandika neno moja, *ingen*, hakuna, na mkono ulikuwa umekwisha kuanza kwenda. Ukasimama.

"Wanauliza una kisomo gani," akasema.

Nasma aliyekuwa anafunga vifungo vya koti alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Andika nilisoma kwa Bi Mwanahawa. Miaka saba. Juzuu zote thelathini, nikahitimu, nikarudia. Na mwandiko."

Khalfan aliandika. Nafasi ilikuwa mstari mmoja, naye akabana mitatu.

"Umeandika na barua?"

"Barua gani?"

"Nilikuwa nawaandikia barua wanawake wa mtaa, waume zao wakiwa Unguja. Nikiwa na miaka kumi na miwili. Wengine walinilipa mayai."

"Sikujua."

"Basi andika."

"Nafasi imekwisha, Nasma."

Nasma aliinama juu ya bega lake, akaiangalia ile karatasi ya herufi asizozijua vizuri, akaweka kidole mahali palipobaki peupe.

"Pembeni hapo pana nafasi."

Khalfan akaigeuza fomu ubavu, akapunguza mwandiko, akaandika habari za barua, na zile za mayai pia.